Fundi Asiyeshika Kalamu

Mchoro wa mtiririko karibu kila aliyepita ofisini au darasa la kompyuta ameuona: visanduku, mishale, na yale maumbo ya uru, uru ile ile ya karata, yanayouliza swali na kutoa njia mbili, moja ya ndiyo na moja ya hapana. Wengi huuchora kwa kipanya, wakivuta kisanduku huku na mshale kule mpaka mambo yakae sawa. Ninaotaka kuwasifu hapa hawavuti chochote. Wao huandika programu, na programu ndiyo inayochora. Inasoma orodha ya hatua, inakadiria ukubwa wa kila kisanduku, inakipangia mahali, inapitisha mishale, kisha inauhifadhi mchoro mzima katika faili la XML, yaani maandishi ya kawaida yaliyofungwa ndani ya tagi, ambayo programu nyingine inaweza kuyafungua na mtu akaendelea kuyarekebisha. Kazi hii haina shangwe. Ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Ikifanywa ovyo, watu hulalamika tu kwamba mchoro unaumiza macho.

Na hapo kwenye macho ndipo ulipo ufundi wenyewe. Anayechora kwa mkono husaidiwa na jicho lake kila sekunde. Akiona mishale miwili imekatana bila sababu, anasogeza. Akiona maandishi yamegusa ukingo, anapanua. Hakuna anayemuuliza kwa nini, na pengine mwenyewe hajui. Anayeandika programu ya kuchora hana raha hiyo, kwa sababu kompyuta haina jicho la kuudhika. Inambidi akae ajihoji: ni nini hasa kilichonikera? Ni mishale kukatana, ni kupindapinda kwake, ni umbali, au ni ule mmoja unaopanda wakati wenzake wote wanashuka? Akishajua, akiandike alichokigundua kwa namba na masharti. Sizijui kazi nyingi za kompyuta zinazomlazimisha mtu kujichunguza kiasi hiki.

Michoro yenyewe ni mikongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke, waliwaonyesha wahandisi wa mitambo wa Marekani namna ya kueleza hatua za kazi kwa alama za kuchora. Mwaka 1947 Herman Goldstine na John von Neumann wakatumia michoro ya mtiririko kupanga mahesabu ya mashine ya elektroniki iliyokuwa ikiundwa Princeton. Baada ya hapo waandishi wa programu wakawa na kiolezo cha plastiki chenye matundu ya kila umbo, penseli ikifuata ukingo wa tundu. Maumbo yalikuja kuwekewa kiwango cha kimataifa, ISO 5807 cha mwaka 1985.

Lakini wazo la kuiachia mashine kazi ya kuchora halikungoja kiwango hicho. Lois Haibt, mmoja wa timu ya IBM iliyounda lugha ya Fortran, aliwasilisha mwaka 1959 programu ya kuchora michoro ya mtiririko ya ngazi mbalimbali: mchoro wa juu unaonyesha kazi nzima kwa ufupi, na ya chini yake inafungua kila sehemu. Mwaka 1963 Donald Knuth naye akachapisha makala kuhusu michoro inayochorwa na kompyuta. Enzi hizo matokeo ya kompyuta yalitoka kwenye mashine ya kuchapa herufi, mstari baada ya mstari, kwenye karatasi ndefu. Hata hivyo lile swali la Haibt la nini kionekane juu na nini kifichwe chini ndilo swali analohangaika nalo fundi wa leo mwenye skrini ya rangi mamilioni.

Nichukue mfano mmoja wa kweli, tusizungumze hewani. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa walio chini ya miaka mitano, unaotumika katika vituo vya afya vya Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi. Mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 akiletwa na kikohozi, mhudumu huanza na dalili za hatari: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu. Halafu anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa aliyetimiza miezi 12 na kuendelea, ni 40 au zaidi. Anaangalia pia kama kifua kinabonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Kila jibu linampeleka kwenye rangi: waridi kwa rufaa ya haraka, njano kwa matibabu mahususi, kijani kwa huduma ya nyumbani.

Mwongozo huu umezaliwa uwe mchoro. Na kama ilivyo miongozo yote, haukai palepale. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilibadili uainishaji wa nimonia: mtoto ambaye kifua chake kinabonyea bila dalili za hatari, ambaye awali alihesabiwa kuwa na nimonia kali na kupelekwa hospitali, sasa kwa kawaida anahesabiwa kuwa na nimonia ya kutibiwa nyumbani kwa amoxicillin ya kumeza. Ukiutazama mchoro, badiliko hilo ni mshale mmoja uliong'olewa kisanduku hiki ukachomekwa kile. Kwa aliyechora kwa kipanya, ni kuuhamisha, kisha kusogeza kila kilichovurugika, kisha kurudia katika nakala ya ukutani, ya kitabuni, ya Kiswahili na ya Kiingereza, akiomba Mungu asisahau mojawapo. Mwenye programu ana orodha ya namna hii:

kifua-kubonyea, ndiyo, nimonia
kifua-kubonyea, hapana, hesabu-pumzi
hesabu-pumzi, haraka, nimonia
hesabu-pumzi, kawaida, kikohozi-tu

Neno la mwisho katika mstari wa kwanza lilikuwa nimonia-kali. Anabadili hilo moja, anaendesha programu, na nakala zote zinatoka zikiwa zimekubaliana. Hakuna picha humo, ni ukweli mtupu wa nani anamfuata nani. Daktari asiyejua lolote la kompyuta anaweza kuusoma na kusema hapa mmekosea. Hili peke yake linatosha kuniweka upande wa mafundi hawa.

Kutoka orodha hiyo kavu hadi picha inayosomeka kuna kazi, na utaratibu wake unaotumiwa zaidi uliwekwa na Wajapani watatu, Kozo Sugiyama, Shojiro Tagawa na Mitsuhiko Toda, katika makala ya mwaka 1981. Waliigawa kazi katika vipande, na kila kipande ni tatizo linalojitegemea. Naona inafaa kupita humo polepole.

Kwanza, mizunguko. Mchoro unaotakiwa ushuke kutoka juu kwenda chini una mishale mikaidi inayopanda: "mrudishe baada ya siku 3, mchunguze upya." Kwa mashine inayotaka kujua nani yuko juu ya nani, mshale huo ni fitina, kwa kuwa unafanya wa mwanzo awe baada ya wa mwisho. Dawa yake ni ya ujanja. Programu inaugeuza mshale kwa siri, inafanya kana kwamba unashuka, inapanga kila kitu, na mwisho kabisa inaurudishia kichwa chake mahali pa kweli. Ila igeuze upi? Ikigeuza mingi, mchoro unasema uongo kwa macho. Kutafuta idadi ndogo kabisa ya kugeuza ni mojawapo ya matatizo 21 ambayo Richard Karp aliyaorodhesha mwaka 1972 kuwa magumu kupita kiasi, kwa hiyo fundi hatafuti jibu bora kabisa. Anatafuta jibu la heshima lipatikanalo haraka.

Pili, ngazi. Kila kisanduku kinapewa ngazi yake, chini ya wote wanaokitangulia. Mshale ukitoka ngazi ya kwanza kwenda ya tano, utakatiza ngazi tatu za katikati na huenda ukapita juu ya mgongo wa kisanduku cha watu. Basi kila ngazi unayoipita huwekewa kisanduku hewa, kisicho na maandishi wala ukingo, ili nafasi ya mshale iheshimiwe wakati wa kupanga. Tofauti na watumishi hewa wa kwenye orodha za mishahara, hivi vina kazi. Vikishaifanya vinafutwa na njia inabaki.

Tatu, mpangilio ndani ya ngazi, na hapa ndipo penye utamu. Visanduku 10 katika ngazi moja vinaweza kupangwa kwa namna 3,628,800. Weka ngazi mbili za namna hiyo, namna za kuzipanga pamoja zinapita trilioni 13. Michael Garey na David Johnson walithibitisha mwaka 1983 kwamba kupunguza kukatana kwa mistari hadi mwisho wake ni miongoni mwa matatizo yale yale magumu. Na bado programu zetu hufanya kazi hii kufumba na kufumbua, kwa hila nyepesi kuliko unavyotazamia: kila kisanduku kinaulizwa jamaa zake wa ngazi ya juu wamekaa wapi, kinachukua wastani wa nafasi zao, na kinajisogeza hapo, kama mgeni harusini atafutaye kiti karibu na anaowafahamu. Kisha ngazi ya chini nayo inafanya hivyo, halafu kazi inarudi juu, inashuka tena, mara kadhaa, mpaka utulivu upatikane. Peter Eades na Nicholas Wormald walipendelea nafasi ya kati badala ya wastani, na wakaonyesha kwa hoja za hisabati kwamba hila hiyo haiwezi kukosea kupita kiwango fulani. Napenda sana kwamba tatizo lenye trilioni za majibu linatulizwa na swali ambalo mtoto angeuliza.

Nne, namba za mwisho: x na y za kila kisanduku, ili mishale mirefu inyooke na matawi mawili ya swali moja yakae kwa usawa. Mwaka 1993 Emden Gansner, Eleftherios Koutsofios, Stephen North na Kiem-Phong Vo wa AT&T Bell Laboratories walichapisha namna walivyofanya hatua zote hizi katika programu yao iitwayo dot, ambayo ipo ndani ya Graphviz, mkusanyo wa programu za kuchora michoro, na inaendelea kutumika hadi leo. Soma makala hiyo ukipata nafasi. Utawaona watu wazima, wenye shahada zao, wakibishana na nafsi zao kwa kurasa kadhaa kuhusu namna mstari unavyotakiwa kupinda.

Kama hizi zote ni fahari za mafundi tu au zina maana kwa msomaji, Helen Purchase alilipima hilo kwa kuwapa watu michoro waisome na kujibu maswali. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1997 yalionyesha kwamba katika mambo yote ya uzuri aliyoyapima, lililoumiza uelewa zaidi ni mistari kukatana. Mafundi walikuwa wamehangaika na adui wa kweli.

Utaratibu wa kina Sugiyama, hata hivyo, haujui kwamba unachora mtiririko wa maamuzi. Kwake ndiyo na hapana ni mishale miwili tu. Fundi mwenye kujali huongeza sheria zake. Mimi huwa nataka ndiyo ishuke moja kwa moja na hapana itoke kulia, kila mara, bila kubadilika, hata ikigharimu mshale mmoja kukatana na mwingine. Wapo wanaonipinga. Lakini nesi aliyebeba mtoto anayelia hana muda wa kusoma kila lebo, na akishazoea kwamba kushuka ni ndiyo, mkono wake unatangulia.

Kabla ya yote hayo kuna jambo dogo linalosumbua kuliko hesabu zote: maandishi yana upana gani? Programu lazima ijue ukubwa wa kisanduku kabla ya kukipanga, na ukubwa unategemea maneno, na maneno bado hayajachorwa. Mvivu huhesabu herufi na kuzidisha. Lakini "dalili" na "mwamba" yote yana herufi sita, na ukiyachapa kwa fonti za kawaida "mwamba" linakaribia kuwa mara mbili ya mwenzake, kwa sababu i na l ni nyembamba, m na w ni pana. Fundi makini husoma vipimo vya kila herufi kutoka ndani ya faili la fonti. Anajua pia kwamba kiolezo kilichopimwa kwa Kiingereza hakitutoshi sisi. Kitenzi chetu kimoja, "hawajachunguzwa", hakina mwanya wa kukatia mstari, na ndani ya umbo la uru, ambalo ni pana katikati pekee, kinatokeza pembe zake nje bila aibu.

Sasa tuingie kwenye faili, kwa sababu huko ndiko ambako nusu ya sifa zangu zinakwenda. XML ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, ikiwa ni mtoto mwepesi wa SGML, lugha nzito iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 1986. Waandishi wa programu wengi wa siku hizi huicheka. Wanaiona ina maneno mengi. Kwa michoro naitetea. Kisanduku kimoja katika faili la draw.io, programu ya kuchorea michoro, kinaonekana hivi:

<mxCell id="hesabu-pumzi" value="Pumzi ni za haraka?" style="rhombus;whiteSpace=wrap;" vertex="1" parent="1">
  <mxGeometry x="240" y="120" width="180" height="90" as="geometry"/>
</mxCell>

Hata asiyejua programu anaweza kukisia: jina, maandishi, umbo, mahali, ukubwa. Y inaongezeka kadiri unavyoshuka, kinyume na grafu za shuleni, jambo linalowazungusha wanaoanza. Mshale nao ni mxCell, ila badala ya mahali unatamka majina mawili tu, la unakotoka na la unakokwenda. Huu ndio uamuzi ninaouvulia kofia. Mshale umeshikwa kwa jina, haukushikwa kwa nafasi. Mtu akifungua faili akakivuta kisanduku upande wa pili wa ukurasa, mishale yake yote inakifuata. Linganisha na SVG, ambayo nayo ni XML: humo mshale kwa kawaida ni nukta zilizounganishwa. Unajua unapita wapi, haujui unamuunganisha nani na nani. Ukisogeza kisanduku, mshale unabaki ukinyooshea hewa kidole.

BPMN 2.0, iliyotolewa na shirika la viwango la OMG mwaka 2011 kwa ajili ya taratibu za kazi za mashirika, ilikwenda mbali zaidi. Faili lake limegawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza inasema kazi zipi zipo na zinafuatanaje, bila kutaja mahali hata pamoja. Sehemu ya pili ndiyo inayotaja mipaka ya kila umbo na nukta za kila mstari, ikirejelea ya kwanza kwa majina. Unaweza kuifuta sehemu ya pili yote na maana isipungue hata chembe. Programu nyingine ikaja kuchora upya kwa namna yake. Faili la namna hii ni zito kuandika, nakiri, na kwa mchoro wa visanduku saba ni makuu yasiyo na sababu. Kwa utaratibu utakaoishi miaka kumi ofisini, sioni bora.

Kuna kejeli moja ndogo ninayoipenda katika ndoa hii ya mchoro wa mtiririko na XML. Mchoro wa maamuzi hauishi bila alama ya "chini ya": umri < miezi 12, joto < 37.5. Na alama hiyo hiyo ndiyo XML inayoitumia kufungulia tagi, kwa hiyo ni marufuku kuiweka ndani ya maandishi kama ilivyo. Lazima iandikwe &lt; la sivyo msomaji wa faili atasimama hapo na kukataa kuendelea. Katika draw.io, lebo ikiwa imewekwa isomwe kama HTML, alama hiyo hufichwa mara mbili, mara moja kwa ajili ya XML na mara moja kwa ajili ya HTML iliyomo ndani, ikawa &amp;lt; na ndipo msomaji anaiona < ikiwa salama. Sisi Waswahili tuna mtego wetu wa ziada. Anayejenga XML kwa kuunganisha vipande vya maandishi, akafunga thamani kwa alama moja ya nukuu, siku atakapofika kwenye lebo ya "Asipewe maziwa ya ng'ombe" faili lake litavunjika palepale, kwa kuwa kile kikato cha ng' kinaonekana kama mwisho wa nukuu. Wenzetu wa lugha nyingine wanaweza kumaliza mradi mzima bila kukutana nao. Sisi tuna ng'ombe, ng'ambo, kung'oa na kung'aa.

Ndiyo maana fundi wa kweli haandiki alama hizo kwa mkono. Anaikabidhi kazi maktaba ya XML, kama ElementTree iliyomo ndani ya lugha ya Python tangu toleo la 2.5, nayo inaficha kila kinachopaswa kufichwa. Hata kukata mstari ndani ya lebo kuna adabu yake: ukiweka mstari mpya mtupu ndani ya sifa ya XML, kanuni za lugha zinaugeuza kuwa nafasi tu anaposoma mwingine; inabidi uandikwe kama &#10; ili uishi. Anayejua hili ni aliyeliona likimtokea, au aliyesoma kanuni kwa uvumilivu. Wa pili ni wachache.

Nimeacha mwisho lile ninalolistaajabia zaidi, nalo ni utulivu wa faili. Endesha programu leo, endesha kesho bila kubadili chochote: je, mafaili mawili yanalingana herufi kwa herufi? Mara nyingi hapana. Katika Python, ukipitia seti ya maneno, mfuatano wake unaweza kubadilika kila programu inapoanza, na mfuatano ukibadilika, ule mchezo wa wastani unaishia pengine, visanduku vinabadilishana nafasi, na mchoro unaonekana mwingine ingawa maana ni ile ile. Kabla ya toleo la 3.8, ElementTree ilipanga sifa za kila tagi kwa alfabeti. Tangu toleo hilo inaziacha kwa mfuatano ulioziweka. Wapo waliokuta mafaili yao yote "yamebadilika" kwa sababu hiyo tu. Fundi mzuri hupanga orodha zake kabla ya kuzitumia. Vitambulisho vya visanduku havitoi kwa bahati nasibu, anavitoa kwenye maana: hesabu-pumzi, siyo mfululizo wa herufi zilizotapikwa na mashine. Na kila tagi inakaa kwenye mstari wake. Matokeo yake ni kwamba mwongozo unapobadilika kama ulivyobadilika mwaka 2014, ukilinganisha faili la jana na la leo unaona kwanza ule mshale mmoja uliohamia kisanduku kingine, na baada yake namba chache za x na y za majirani waliopisha. Mkaguzi anasoma, anaelewa, anatia sahihi. Hakuna atakayempongeza fundi kwa hilo, kwa kuwa hakuna aliyeona tatizo.

Lazima nimpe nafasi mpinzani mkubwa. Fred Brooks, katika kitabu chake cha mwaka 1975, The Mythical Man-Month, aliishambulia michoro ya mtiririko: alisema imesifiwa kupita thamani yake, na akadhihaki ofisi zinazoitoa kwa mashine kutoka kwenye programu iliyokwisha kuandikwa, huku zikidai ni chombo cha kupangia. Alikuwa sahihi kuhusu alichokiona. Mchoro unaorudia kila mstari wa programu haumsaidii mtu yeyote. Ni kazi ya kuridhisha wakubwa. Lakini alikuwa akizungumzia waandishi wa programu, watu wanaosoma programu yenyewe. Mhudumu wa zahanati, afisa wa forodha, mwalimu anayepanga hatua za usajili, hawa hawasomi Python. Kwao mchoro ndio waraka wenyewe, na mashine haiutoi kutoka kwenye programu. Inautoa kwenye makubaliano ya wataalamu. Hapo dhihaka ya Brooks haifiki.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoagiza kazi hizi, wakurugenzi wa miradi, wizara, mashirika, hata wakuu wa shule. Mkiletewa mchoro wa utaratibu wenu kama picha iliyogandishwa ndani ya PDF, msiupokee bado. Daini orodha ya hatua iliyouzaa na faili la XML, na muandike sharti hilo kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza. Kisha mwombeni aliyeutengeneza abadili mshale mmoja mbele yenu.